Mlio wa Upande wa Kushoto

Mzee Apolinari aliporudi na gari mara ya saba, alisema neno lile lile la mara sita zilizotangulia: "Fundi, inalia."

Sijui kama umewahi kuambiwa hivyo kuhusu gari ulilolikagua mwenyewe, ukalipitisha mwenyewe, ukamwambia mtu toa hela. Mimi ni fundi magari hapa Ndembezi, Shinyanga mjini. Naitwa Marwa, Mkurya wa Tarime, na kama umesikia kwamba Wakurya hasira zetu haziko mbali, aliyekuambia hakukudanganya. Kinachonilisha si kufungua nati peke yake. Watu hunichukua niende nao kuangalia gari la mkononi kabla hawajalilipia, na ninachouza hapo ni jina langu tu. Nikisema zima, ni zima. Sasa kila Jumamosi mchana mzee mmoja alikuwa analitembeza jina hilo barabarani, akisema mbele ya wateja wangu kwamba linalia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikianzia hapo utamwona Mzee Apolinari ni msumbufu, kama nilivyomwona mimi.

Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa kusali kila siku, na alifanya kazi mgodini Mwadui miaka thelathini na minne bila kuokota hata punje moja ya almasi. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi na kusikiliza. Alipita kwenye mitambo ya kusaga mawe na kopo la grisi na nondo fupi, ncha moja anaigusisha kwenye mtambo, nyingine anaiweka nyuma ya sikio. Hivyo alijua beringi ipi ni nzima na ipi inaelekea kufa.

"Beringi haifi ghafla, fundi," aliniambia siku moja. "Inaanza kwa kunong'ona. Ukisubiri mpaka ipige kelele, umechelewa."

Na alikuwa na sheria yake moja aliyoirudia mpaka nikaikariri. Kusikiliza mtambo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anawasha, mwenzake anasikiliza. Peke yako huwezi, kwa sababu mkono unaoendesha unaliziba sikio.

Mke wake aliitwa Lusia. Waliishi nyumba za kampuni, na Lusia alikuwa na kawaida ya kusimama uani akiangalia wake wa wakubwa wakipita kwenye magari yaliyoinuka juu, vioo vimefungwa. Hakuwa mtu wa kulalamika. Mara moja tu alisema, "Tukistaafu, Baba Salome, tupate ya hivi. Tukienda Ushirombo nami nifike bila vumbi kichwani." Wakajenga nyumba hapa Ndembezi, polepole, chumba baada ya chumba. Lusia alifariki wakati wanapiga plasta. Wakamzika Ushirombo, na mzee akahamia nyumba mpya peke yake, na vyumba vyake vinne.

Salome, mtoto wao pekee, ameolewa Songea, kona nyingine ya nchi. Anapiga simu Jumapili baada ya misa. Majirani wa mzee ni wapangaji, vijana wanaolala leo hapa na kesho wako machimboni Geita, na kila akizoea sura anakuta chumba kimepangishwa kwa mwingine. Mtaani wanamwita mzee wa geti jekundu. Hakuna anayemwita Baba Salome, kwa sababu hakuna anayemjua Salome. Hilo aliniambia yeye mwenyewe, tukiwa njiani, kwa sauti ya mtu anayesema mvua mwaka huu imechelewa.

Alikuja kwangu mwanzo wa kiangazi. "Nataka Harrier," alisema. "Iliyotumika, lakini isiwe ya kunisumbua." Alitaka ile ya umbo ambalo nchi nzima inaliita tako la nyani, ila yeye jina hilo hakulitamka hata siku moja. Aliita "ile ya mgongo wa mviringo". Nilimshauri kama ninavyomshauri kila mtu. Mzee, uko peke yako, chukua kagari kadogo, hakanywi mafuta, spea zake ziko kila duka. Akatikisa kichwa.

"Kagari kadogo sikumwahidi mtu," alisema.

Basi tukaanza kwenda Kahama. Magari mazuri ya mkononi yako kule, hasa mitaa ya Nyahanga, kwa sababu kule mtu akipata dhahabu ananunua gari, na dhahabu ikikata analiuza, wakati mwingine kabla hajajifunza kurudi nyuma. Tulikwenda mara tano, na zote tano yeye ndiye aliyekataa. Moja lilikuwa limepigwa rangi mlango mmoja, akaliona kabla yangu. Jingine kilomita zake zilikuwa chache mno kwa gari lenye pedeli zilizolika namna ile. Lakini lililonishangaza ni la tatu. Nilikuwa nimeshachomeka mashine yangu ya kusomea hitilafu, haionyeshi kitu, gari linanguruma vizuri kabisa. Mzee akaniomba bisibisi ndefu. Akaiweka kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho.

"Alteneta," alisema. "Beringi yake. Imebakiza miezi miwili."

Dalali akacheka. Mimi nami nikatabasamu pembeni, nisikufiche. Gari lile alilinunua mwalimu mmoja, na mwezi wa pili likamlaza njiani pale Tinde. Kilichokufa ni alteneta. Kwa hiyo masikio ya Mzee Apolinari nilikuwa nayajua. Ukifika mwisho wa habari hii usije ukanitetea kwamba sikujua.

Safari ya sita ndiyo tukalikuta gari la Januari. Huyu Januari alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu wa kuzunguka machimboni akikusanya punje kwa wachimbaji wadogo. Harrier yake ilikuwa nyeusi, namba D, na ndani ungedhani imeshuka bandarini jana. Kiti cha dereva ndicho pekee kilichokuwa kimetumika. Kile cha pembeni na vya nyuma vyote vilikuwa bado na nailoni yake.

"Hakijakaliwa?" nilimuuliza Januari, nikigonga kile cha pembeni.

"Miaka sita sijabeba mtu," alisema, na alisema kwa majivuno. "Mtu anayebeba dhahabu habebi lifti, bro. Si rafiki, si ndugu. Hata mke wangu anapanda basi."

Tukalijaribu mpaka Isaka na kurudi. Mzee akiendesha, mimi pembeni, mkanda nimefunga kwa kuogopa trafiki. Gari lilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia saa ya mzee ya mkononi. Nikalala chini, nikaangalia bushi, nikaangalia maboksi ya usukani, nikanusa oili. Nikainuka na kumpa mkono. "Mzee, hii chukua. Hii ukiikosa hupati nyingine."

Yeye alikuwa bado ameinama mlangoni, anapapasa ile nailoni ya kiti cha pembeni.

"Miaka sita," alisema. Kisha akalinunua.

Siku gari lilipoingia nyumbani kwake aliagiza kreti zima la soda. Huku mtu akileta gari majirani huja, hulizunguka, hupiga piga matairi, hunywa soda, humwambia hongera na kumwomba lifti ya kesho. Alipanga viti uani, vya plastiki vile, vinane. Mimi nilikaa kimoja. Tulisubiri tangu saa tisa. Kijana mmoja alichungulia getini akitafuta mwenye nyumba wake, akaambiwa siyo hapa, akaenda. Jua lilipoelekea kuzama mzee akafungua chupa mbili, akanipa moja. Wakati naondoka nilimwona anakusanya viti, kimoja kimoja, na zile soda ishirini na mbili amezirudisha ndani. Niliona haya kumwangalia, nikaondoka haraka.

Jumamosi iliyofuata akaja gereji na soda mbili kwenye mfuko. "Fundi, inalia."

"Wapi, mzee?"

"Kushoto. Mbele. Juu kidogo."

Tukatoka barabara ya Mwadui. Yeye usukani, mimi pembeni na mkanda wangu. Kimya. Mwendo wa arobaini, kimya. Sitini, kimya. Themanini, kimya. Tulipogeuza nikamwona anatoka jasho la aibu. "Imenyamaza," alisema. "Lakini jana ililia njia nzima. Ti-ti-ti, ti-ti-ti. Kama mtu anayegonga hodi na hataki kusikika."

Nikafungua tairi la kushoto, nikakaza kila kilichokazika. Jumamosi ya pili, inalia. Nikabadilisha linki ya stabilaiza, ya kushoto, bure, kwa sababu jina ni langu. Ya tatu, bushi. Ya nne nikafungua mpaka shokomzoba. Na kila mara yeye alisimama nyuma yangu na kusema kwa upole, "Fundi, ni juu. Siyo chini." Nami nilikuwa namjibu, uso uko chini ya gari, kwamba mzee, magari siyo mitambo ya Mwadui, mlio wa gari unatoka chini. Miaka ishirini nalala chini ya magari, leo nifundishwe na mtu wa kupaka grisi? Hilo la mwisho sikulisema, ila nilikuwa nalo mdomoni.

Na kila tukilijaribu wawili, kimya kama kanisani siku ya kazi.

Jirani wa gereji yangu ni mama ntilie mmoja, Msukuma, jina lake Sikujua. Jina ni Sikujua na hakuna asilolijua. Alikuwa akimpokea mzee kwa heshima zote, "Mwadila, baba," anamfutia benchi, kisha mzee akiondoka ananigeukia.

"Marwa, utafungua hiyo gari mpaka uikute mifupa. Gari hailii. Anayelia ni yeye."

"Una maana gani?"

"Baba wa watu hana wa kuongea naye. Wewe unakaa naye saa nzima, unaitikia ndiyo mzee, hapana mzee. Kwa nini isilie kila Jumamosi?"

Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu nilimwamini. Nikahesabu Jumamosi zangu zilizopotea. Bodaboda wa pale kona walikuwa wameshapata mchezo, nikipita wanaigiza, ti-ti-ti, ti-ti-ti. Mteja mmoja niliyetaka kwenda naye Kahama akaniambia samahani, fundi, nimepata mwingine.

Ndiyo ikafika ile mara ya saba. Nilikuwa na wateja watatu wamesimama. Mzee akaingia, akashuka, soda mbili mkononi, akasema neno lake. Nikamwambia mbele ya wote:

"Mzee, gari hailii. Unayelia ni wewe. Mimi ni fundi, nina kazi, siyo mtu wa kukaa na wazee. Tafuta mtu mwingine wa kuongea naye."

Ulimi hauna mfupa. Wateja wakaangalia chini. Sikujua akasimama na mwiko mkononi, maana neno lilikuwa lake na mimi ndiye niliyelipeleka mahali pasipolistahili. Mzee Apolinari alinitazama kidogo. Akaziweka zile soda mbili kwenye benchi, akazisogeza ndani zisidondoke.

"Asante, fundi," alisema, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ya pili. Nilijiambia ni afadhali, nifanye kazi. Lakini ikifika saa nane mchana nilijikuta naangalia barabara. Nikwambie ukweli: mimi mke wangu na watoto wako Tarime, nawaona Krismasi, na hapa nimepanga chumba ambacho naingia kulala tu. Saa ile ya Jumamosi, nikipelekwa na kurudishwa kwenye gari zuri, mzee akinieleza habari za Lusia na beringi, ndiyo saa pekee katika wiki ambayo sikuwa chini ya kitu. Nilikuwa sijaijua mpaka ilipokatika. Nikamkumbuka, na moyo ukaniuma, na bado sikwenda kugonga lile geti jekundu, kwa sababu kuomba radhi kwetu ni mlima.

Jumatatu ya wiki ya nne simu ikaita.

"Fundi Marwa," alisema, sauti iko mbali. "Shughuli zako haziharibiki nikikusumbua?"

Alikuwa Ushirombo. Alikwenda kwenye kaburi la Lusia, presha ikampanda kanisani, wakamlaza. Sasa hajambo, ila daktari amemkataza kuendesha kwa wiki mbili, na gari liko uani parokiani. Aliomba niende nikalichukue.

"Salome nimemwambia nina mafua tu," alisema. "Na huku kaka zangu walishatangulia, watoto wao wako machimboni. Nimefikiria usiku kucha nimpigie nani. Nimekukuta wewe."

Kesho yake alfajiri nikapanda basi. Pale wodini kila kitanda kilikuwa na mtu wake, huyu analishwa uji, yule anapepewa. Kitanda cha mzee kilikuwa na rozari na funguo ya gari. Nesi aliniona, uso wake ukafunguka. "Afadhali. Wewe ndiye ndugu yake?"

Mzee akawahi kujibu, kunisaidia. "Hapana, sista. Ni fundi wangu."

"Shikamoo mzee," nilisema. Akaitikia marahaba, akaniuliza basi lilikuwaje, akanikabidhi funguo. Hakuna alichosema kuhusu siku ile, wala mimi sikupata pa kuanzia. Nilimnunulia uji na matunda, nikakaa mpaka nesi aliponitoa. Kisha nikalichukua gari, nikaianza njia ya kurudi.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye kiti cha dereva cha gari lile. Fikiria hilo. Nimelala chini yake, nimelivua matairi, nimelikaza mara sita, na kila safari ndefu mimi nilikuwa pembeni.

Sikuwa hata nimefika Masumbwe. Ti-ti-ti. Ti-ti-ti.

Nikapunguza mwendo, ukapungua. Nikaongeza, ukarudi. Kushoto. Mbele. Nikazima feni, nikafunga vioo. Ti-ti-ti, hodi ya mtu asiyetaka kusikika. Nikasimama kando ya barabara, nikalala chini kwa mazoea, nikapiga piga kila kitu, hakuna kinachocheza. Nikaanza tena safari, ukaanza nao. Halafu nikafanya nilichotakiwa kufanya Jumamosi ya kwanza. Niligeuza shingo na kuangalia juu.

Ulikuwa mkanda. Mkanda wa kiti cha pembeni, kile chuma chake cha kuchomeka, kimening'inia na kuigonga plastiki ya nguzo ya mlango. Kwa kawaida kwenye mkanda huwa kuna kifungo kidogo kinachozuia chuma kisiteleze chini, kidogo kama cha shati. Hapa hakikuwepo. Mtu akikaa pale akafunga mkanda, chuma kinakuwa kimechomekwa, hakuna cha kugonga. Mtu asipokuwepo, kinagonga njia nzima. Ndiyo maana mimi sikuusikia. Nisingeweza kuusikia hata ningejaribu mwaka mzima, kwa sababu niliuzima mimi mwenyewe kila nilipoingia. Mlio ule ulikuwa wa mtu aliye peke yake tu.

Nikampigia Januari papo hapo. "Mkanda?" alisema. "Mimi nilikuwa naufunga siku zote. Mkoba wangu ulikuwa unakaa pale, naufunga mkanda kama mtu, nauvuta kwa nguvu usicheze. Kuna kidude kiliruka siku moja, sikukitafuta." Akacheka. "Kwani inalia?"

Nikakata simu. Nikanyoosha mkono, nikauchomeka mkanda kwenye kiti kitupu. Kimya. Nikaenda kilomita mbili hivi, nikatazama kile kiti cha nailoni kilichofungwa mkanda na hakina mtu, nikashindwa. Nikauchomoa. Ti-ti-ti mpaka Kahama, ti-ti-ti mpaka Isaka, ti-ti-ti mpaka Tinde, na mimi nikiendesha namsikiliza Mzee Apolinari. Kushoto, mbele, juu kidogo. Alisema yote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilifundishwa darasa la tatu, nikachapwa na fimbo kwa kulisahau.

Nilipofika gereji nilimwomba Sikujua sindano na uzi. Nikakata kifungo cha chini kabisa cha shati langu, nikakaa kwenye kile kiti, nikashika mkanda. Kazi ya dakika tano. Sikujua alisimama mlangoni, akaona, akaelewa bila kuelezwa, akajishika mdomo.

"Mungu wangu. Kumbe kweli?"

"Kweli."

Nikatunga uzi. Kisha nikakaa tu na sindano yangu. Nikishona, mlio unakufa. Mzee atakuja, ataniambia asante fundi, atachukua gari lake zima lisilo na mlio, na Jumamosi atakuwa na sababu gani ya kuja gereji hii ya kwangu? Na mimi nitamwambia nini, njoo tu? Mkurya amwambie mzee njoo tu tukae?

Nikakitia kifungo mfukoni, nikarudisha sindano.

"Umeshona?" aliuliza Sikujua.

"Bado."

Akanitazama. "Wabeja," alisema polepole, asante ya Kisukuma, akarudi kwenye masufuria yake.

Mzee alikuja Jumamosi, wiki zake mbili zimetimia, kwa miguu, amepungua mwili. Soda mbili kwenye mfuko. Nilihakikisha watu wapo. Wateja walikuwepo, bodaboda wawili walikuwepo, na Sikujua alikuwepo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari haikukusumbua njiani, fundi?"

"Ilinisumbua," nilisema, kwa sauti ya kusikika kote. "Inalia, mzee. Kushoto, mbele, juu, kama ulivyosema tangu siku ya kwanza. Nimeusikia kutoka Masumbwe mpaka hapa. Nilikukosea, na nilikukosea mbele za watu. Nisamehe, Baba Salome."

Akatafuta benchi kwa mkono, akakaa. Midomo ikamcheza. Nilidhani ni lile kosa langu linalomliza, kumbe siyo.

"Nilianza kudhani ni mimi," alisema. "Nilikaa mle ndani nikasema, Apolinari, sasa umebaki kusikia vitu ambavyo havipo. Nilikwenda kumwambia Lusia hivyo. Ndiyo maana presha ilipanda."

Nikamwonyesha chuma, nikamwonyesha mahali kinapogonga. Akakishika, akakiachia, akakigonga kwa ukucha na kusikiliza, ti-ti, akatikisa kichwa kwa furaha kama mtu aliyekutana na aliyemtafuta sana.

"Kinatengenezeka?"

"Kuna kifungo kidogo kimekatika," nilisema. "Hapa mjini hakipo. Mpaka niagize."

Mzee Apolinari akautazama mkanda, pale penye matundu mawili madogo ya kifungo. Kisha akatazama shati langu, kule chini, linapopepea. Mtu aliyesikia beringi inanong'ona hawezi kukosa kuona kifungo cha shati.

"Agiza taratibu," alisema. "Haina haraka."

Akaingia kwenye usukani. Mimi nikafungua mlango wa nyuma, nikaivuta ile nailoni, ikachanika kwa kelele, nikaitupa nje na kukaa. Mkanda wa pembeni niliuacha unaning'inia. Tukaishika barabara ya Mwadui, na mtaa ulipoisha nyuma yetu ukaanza.

"Unausikia?" aliuliza bila kugeuka.

"Nausikia, mzee."

Akaongeza mwendo kidogo, ili ulie vizuri.